Kidirisha cha Pembeni

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kasema niandike. "Mama, kila mawimbi yakikatika, andika saa, andika na mvua ilikuwaje. Ugonjwa wa dishi ni kama homa, lazima ujue unapanda saa ngapi." Nikamwambia nimekuwa karani wa shule miaka ishirini na sita, kuandika hanifundishi mtu. Kacheka mpaka kikombe kikatikisika. Mtaa mzima unamwita Fundi Maneno na sasa najua kwa nini.

Basi. Yalikatika Ijumaa saa saba na dakika nne mchana. Mvua ya kwanza ya msimu, nzito. Picha ikagawanyika vipande vya mraba, ikaganda, kisha yakaja maandishi: HAKUNA MAWIMBI.

Jumanne, 11 Machi

Saa saba hadi saa saba na nusu: hakuna. Mvua: hakuna. Kwa hiyo mvua si ya kulaumiwa peke yake. Chaneli ya mpira ipo. Ya mapishi ipo. Ya yule mhubiri anayetokwa jasho ipo, tena inang'aa. Ile moja na wenzake kadhaa ndio hawapo.

Jumatano, 12 Machi

Fundi hatalisoma daftari hili. Kasema nimweleze kwa mdomo tu, macho yake na maandishi hayapatani. Kwa hiyo ni langu, naandika nitakavyo.

Kila siku ya kazi, saa saba mchana, chaneli ile inasoma habari. Chini ya kioo, upande wa kulia, kuna kidirisha, na ndani yake anasimama mwanamke anayewafasiria viziwi kwa mikono. Mwanamke huyo ni binti yangu. Hatujasemezana miezi kumi na minne. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, namwona kuanzia kichwani hadi kifuani. Blauzi zake zote nazijua. Siku aliyolala vibaya naijua. Juzijuzi nimeona amejaa usoni, nikashukuru kwamba anakula vizuri.

Hicho ndicho kilichokatika. Mpira wao wabaki nao.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna. Manyunyu. Nimekaa nusu saa nzima mbele ya maandishi yale kama mtu anayesubiri daktari.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi Maneno kapanda juu ya bati. "Imekuja?" "Bado!" "Sasa?" "Bado!" "Na hapa?" Mvua ikapiga bati, nikawa simsikii naye hanisikii, ikabidi nikimbie kutoka sebuleni hadi uani na kurudi, na magoti yangu haya. Kazi ya dishi ni ya watu wawili, na mimi ni mmoja.

Zamani tulikuwa watatu. Marehemu mume wangu alikuwa kiziwi tangu utotoni, na dishi hili alilifunga mwenyewe, maana seremala haogopi ngazi. Yeye juu, binti uani, mimi sebuleni mbele ya kioo. Nilipiga kelele dirishani, "Bado!" Binti, wakati huo hajafika hata sekondari, aliinua mikono na kumwambia baba yake, na baba akasogeza dishi unywele mmoja. Nilipoita, "Imekuja!" mikono ilipaa, na kule juu Marehemu akacheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Wapita njia walisimama kutuangalia. Nilijiona fundi kweli, kumbe kazi yote ilikuwa ya mtoto.

Leo dishi limesogezwa sana. Sasa hata mhubiri hayupo.

Jumatano, 19 Machi

Mkwe kapiga simu mara mbili. Sikupokea. Anatumwa kupatanisha, mimi si mtoto. Mke wake ana simu yake na vidole vyake.

Ijumaa, 21 Machi

Mhubiri karudi. Binti hajarudi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimejishusha. Nimekwenda kwa jirani yangu, yule tunayegawana naye ukuta, saa saba kasoro dakika tano, nikajifanya naomba chumvi. Kioo chake ni kikubwa kama mlango. Kafurahi, kanivuta mkono, kaniketisha, kaongeza sauti mpaka madirisha yakatetema. Mimi sauti hiyo ilinishtua. Nyumbani kwangu televisheni haijawahi kuwa na sauti. Mtu mmoja hasikii, wengine tusikie, tuliona ni kama kumsengenya mbele ya macho yake. Hata alipokwisha kufa sikuifungua.

Habari zikaanza. Natafuta kidirisha, sikioni. Jirani kaivuta picha ili ijae kioo, na pembe zote nne zimekatwa. Nikaona bega moja, na ncha ya vidole vinavyoingia na kutoka. Na hapo kwenye bega kaning'iniza kitambaa alichokifuma mwenyewe.

"Kitambaa hiki kizuri," nikasema. "Ungekisogeza kidogo nikione vizuri."

"Kisogee kiende wapi? Kinaficha ule ufa." Akanigeukia. "Na binti siku hizi yuko wapi? Simwoni kuja."

"Yupo. Kazi nyingi."

"Kazi gani vile?"

"Ya ofisini," nikasema. Mwanangu yuko mbele yake, bega tupu, nami namkana kama sina uhusiano naye. Nimerudi nyumbani bila chumvi.

Jumanne, 1 Aprili

Nilidhani ni siku yangu. Fundi Maneno kabadilisha waya wa nyuma ya king'amuzi, kasugua hiki, kapuliza kile, kafungua sauti niliyoizima, ghafla mtu akasikika. Sauti ya msoma habari wa chaneli ile ile! Nikasogeza kiti karibu. Kioo kikabaki cheusi.

"Picha iko wapi, fundi?"

"Picha itafuata. Sauti si ipo, mama? Habari utazisikia zote. Watu wangapi wanasikiliza redio na wanaishi?"

Nikamtazama. Nitamwelezaje kwamba ninayemtaka hana sauti? Kwamba katika chaneli nzima yenye watu wanaopayuka tangu alfajiri, wangu ndiye pekee aliyenyamaza? Nimemshukuru, nimempa chai, nimezima. Baadaye nimekuta pini ya waya wa njano, ule wa picha, imevunjikia ndani. Kavunja yeye, kanyamaza. Siku moja katika maisha yake kaweza kunyamaza.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Hakuna.

Jumatatu, 7 Aprili

Waya wa njano mpya. Picha ipo, chaneli ile haipo. Tumerudi tulikoanzia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefua mapazia. Hayakauki.

Ijumaa, 11 Aprili

Wiki ya tano. Nimegundua kitu kibaya: nimeanza kumsahau anavyosimama. Uso naukumbuka, mikono inanipotea. Na nikikaa bila kumwona, namsikia. Ni lile neno lake la mwisho.

Naliandika hapa, maana hakuna wa kulisoma.

Mwaka juzi mwishoni Marehemu alilazwa. Daktari aliniita kwenye korido akaniambia hakuna la kufanya, wiki mbili zikizidi. Nikarudi wodini. Mume wangu kaegemea mto, ananitazama. Akainua nyusi, akageuza kiganja. Ishara hiyo niliijua: anauliza, kasemaje?

Nikamwonyesha dawa. Nikamwonyesha kulala. Akatabasamu, akalala.

Aliishi siku kumi na mbili. Kila aliyekuja kumtazama, Marehemu alimwambia kwa mikono yake, na mimi nikaelewa angalau hilo, kwamba akirudi atamalizia kabati la watu. Binti alikuwa kwenye mafunzo ya kazi nchi ya mbali. Alifika siku ya kumi na tatu, moja kwa moja makaburini.

Jioni ile jikoni akaniuliza, "Baba ulimwambiaje?"

"Sikumwambia. Nilimhurumia."

Akainuka kitini. Kisha: "Miaka thelathini na moja, Mama." Basi, hakuongeza. Akachukua begi lake.

Niliona ni utovu wa adabu. Mtoto wa kumzaa kunihukumu katika huzuni yangu! Nilisema hataniona nikipiga simu ya kwanza, na sikupiga. Nimekwisha kuwaambia wote wa ukoo: huruma. Wazee wakakubali, hata madaktari wengi huwaficha wagonjwa. Neno zuri, huruma. Limenifaa sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna. Mvua ya mawe. Paka wa jirani kaingia, kakaa kwenye kiti cha Marehemu. Nimemwacha.

Alhamisi, 17 Aprili

Fundi Maneno kasema sasa tubadilishe dishi zima. Nimemwambia asante, apumzike.

Jumanne, 22 Aprili

Jirani kaniita juu ya ukuta. "Wewe unateseka bure. Si yupo yule bubu wa madishi, kule nyuma ya kituo cha mafuta? Wanasema hashindwi."

Nikamwambia haitwi bubu. Nimesema kwa ukali mpaka nimejishangaa, maana mimi mwenyewe nikimfikiria ndivyo ninavyomwita. Namfahamu sana. Alikuwa rafiki wa Marehemu. Kila Jumapili alikuja, wakakaa barazani, mikono ikienda, wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilileta chai nikaondoka. Sikuwahi kuuliza wanachekea nini.

Siwezi kumwita. Msibani alisimama mbele yangu, akaniuliza jambo kwa mikono polepole, akarudia, macho mekundu. Sikuelewa hata kidogo. Watu wanatutazama. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Akafunika uso, akaenda zake. Tangu siku hiyo nikimwona njiani napita upande wa pili.

Jumatano, 30 Aprili

Hakuna. Hakuna. Hakuna. Nikihesabu, ni wiki saba na ushee. Nimesalimiana na watu wawili tangu Jumapili, mmoja wao alikuwa amekosea nyumba.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwandikia ujumbe wa simu fundi wa nyuma ya kituo cha mafuta. Amejibu kabla sijaweka simu chini: NITAKUJA JUMANNE.

Jumanne, 6 Mei

Naandika kirefu.

Amekuja saa nne na ngazi yake begani. Hakuangalia dishi kwanza. Aliangalia kiti cha rafiki yake, akakigusa mgongo, ndipo akafungua mfuko wa vifaa. Aliandika kwenye kijitabu chake, herufi kubwa, maneno machache: CHANELI ZIPI HAZIPO? Nikampa orodha. Akaisoma, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kujua. Akaandika tena: DISHI ZIMA. WAYA MGONJWA. King'amuzi, akanieleza kwa maandishi, hupeleka umeme kidogo juu kupitia waya huo huo unaoleta picha. Umeme ukipungua njiani, kichwa cha dishi hupokea nusu ya chaneli na kuacha nusu. Akaufuata waya kwa vidole, polepole, kutoka nyuma ya kioo, juu ya dari, hadi chini ya ukingo wa bati. Hapo palikuwa na kiungo kilichozungushiwa mkanda wa gundi. Akaufungua: maji yakachuruzika, na shaba ndani imekuwa kijani. Fundi Maneno kapita hapo mara nne akipiga soga.

Akakata, akaunga upya. Ikabaki kulirudisha dishi lililosogezwa. Ndipo nikaelewa tatizo, naye akaelewa saa ile ile. Yeye juu, mimi chini. Hasikii, na mimi sina mtu wa kusimama uani.

Akanigeuza nimtazame, akanifundisha mikono minne: bado, imekuja, rudisha, basi. Nikarudia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akapanda. Nikatazama kioo, nikakimbia uani, nikainua mikono: bado. Nikarudi. Nikakimbia. Bado. Bado. Rudisha. Nilikuwa nimelowa, kandambili moja imebaki kwenye tope, jirani kachungulia juu ya ukuta kaacha mdomo wazi. Sikujali. Mtu kule juu alikuwa ananielewa. Kwa miaka thelathini na moja niliishi nyumba hii na Marehemu, na leo ndiyo mara ya kwanza nimesema neno kwa mtu aliye juu ya bati.

Imekuja!

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Nikamketisha, nikaleta chai, na mara hii sikuondoka. Habari zikaanza. Kidirisha hiki hapa, chini kulia, safi kama kimefutwa kwa kitambaa.

Ndani yake amesimama mwanamume mwenye tai.

Nikasubiri. Dakika tano, kumi. Labda wanapokezana. Fundi aliona uso wangu, akachukua kijitabu: ALIAGA IJUMAA. ANAKWENDA KUJIFUNGUA.

Nikasoma mara tatu.

HUJUI? akaandika.

Nikatikisa kichwa.

ALITUAMBIA TANGU MWEZI WA PILI. MWISHO WA HABARI. SISI WOTE TUNAJUA.

Mwezi wa pili dishi lilikuwa zima. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Mwanangu alisimama mbele yangu, akawaambia viziwi wa nchi nzima kwamba ana mimba, na mimi nilikuwa naangalia blauzi.

Akaandika, hakuwa na hasira, alitaka tu kujua: ULITAZAMA KILA SIKU?

Nikaandika chini yake, kwa ule mwandiko wangu wa ofisini: Kila siku.

ULIELEWA?

Hapana.

Kisha akageuza ukurasa na kuandika kwa muda mrefu, akaniwekea mbele. MSIBANI NILIULIZA. RAFIKI YANGU ALIJUA ANAKUFA? ULISEMA NDIYO. NILISHUKURU MUNGU. ALIJUA NA HAKUOGOPA.

Ningeweza kuitikia tena. Kichwa kilikuwa tayari. Nilichukua kalamu badala yake, na mwandiko wangu mzuri ukaharibika. Nikaandika kwamba hakujua. Nikaandika kwamba watu wote nimewaambia nilimhurumia, na si kweli. Nilitaka kumwambia. Alinitazama, akaniuliza, na mimi nilikuwa na ishara za kula, maji, lala, njoo, mvua, dawa. Ishara ya kufa ninayo moja tu, ile ya kisu shingoni, tuliyokuwa tukiitumia siku ya kuchinja kuku. Ndiyo nimwonyeshe mume wangu kitandani? Mambo mengine yote kwa miaka yote nilimwachia mtoto ayaseme, na mtoto hakuwepo. Sikumwambia kwa sababu sikujua kumwambia.

Alisoma. Akainuka, akatoka nje, nikamwona dirishani anakunja ngazi yake taratibu. Nikajua amekwenda na hatarudi, na ana haki. Nilikaa pale namtazama mwanamume mwenye tai.

Akarudi. Akavuta kiti mbele yangu, akagusa yale maneno yangu mawili ya mwisho kwenye karatasi, akanionyesha mikono inavyoyasema.

Jumatano, 7 Mei

Kaja baada ya kazi. Tumefanya sentensi moja, mara nyingi. Nachanganya mikono.

Nimempigia mkwe. Nimemwomba radhi kwa zile simu. Kasema, "Mama, nilitaka kukwambia utakuwa bibi." Kasema binti yuko nyumbani, hajambo, miguu imevimba kidogo. Nimemwomba asimwambie kitu.

Alhamisi, 8 Mei

Mbele ya kioo cha kabati, saa moja na nusu. Mkono wangu wa kulia unasikia, wa kushoto ni mkaidi. Jua limetoka. Mapazia yamekauka.

Ijumaa, 9 Mei

Saa saba mchana sikufungua televisheni. Nimeegemeza simu kwenye kopo la sukari, maana ukiishika unabaki na mkono mmoja. Nimempigia binti ile ya kuonana.

Ikaita sana. Kisha uso wake ukajaa kioo chote, umevimba, nywele hazijasukwa. Nikarudi nyuma hatua moja ili mikono ionekane, nikamwambia.

Baba yako sikumwambia. Sikujua kumwambia.

Nikadhani picha imeganda. Kisha nikaona kidevu kinatetemeka. Akafuta macho kwa kiganja, akasogea karibu na simu.

"Umekosea mkono wa kushoto, Mama," akasema. "Rudia."

Nikarudia.